Sefazolini, saa ya ukutani na mzio usiokuwepo: kisa cha kinga ya antibiotiki katika upasuaji wa utumbo mpana

Kisa hiki kimeungwa kutokana na mambo yanayojirudia katika vyumba vya upasuaji, hivyo mgonjwa aliyemo si mtu mmoja anayeweza kutambuliwa. Maamuzi yanayojadiliwa, hata hivyo, ni yale ambayo kila timu ya upasuaji hulazimika kuyafanya, mara nyingi kwa dakika chache na kwa mazoea zaidi kuliko kwa kufikiri.

Mwanamume wa miaka 58, mwenye uzito wa kilo 124, alilazwa ili aondolewe uvimbe wa saratani katika sehemu ya utumbo mpana iliyo juu kidogo ya puru. Alikuwa ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka 11. Kreatinini yake ilikuwa mikromoli 128 kwa lita, kiwango kinachoashiria figo zilizoanza kuchoka. Akiwa kijana aliwahi kupasuliwa kwa dharura baada ya kidole tumbo kupasuka, jambo lililomfanya daktari bingwa atarajie matumbo yaliyoshikamana na upasuaji mrefu wa kufungua tumbo. Juu ya jalada la faili lake, kwa wino mwekundu, palikuwa na maneno matatu: MZIO WA PENISILINI.

Daktari aliyempokea aliandika mpango wa kinga, yaani antibiotiki za kuzuia maambukizi ya kidonda cha upasuaji, uliofuata maneno hayo. Mgonjwa angepewa klindamisini miligramu 900 pamoja na jentamisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, dawa zote mbili zingetolewa wodini asubuhi kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji, na baada ya hapo zingeendelea kwa siku 5. Mfamasia wa wodi aliusimamisha mpango huo jioni ya kuamkia upasuaji na kuomba wakutane kitandani kwa mgonjwa. Daktari hakufurahi, na hilo linaeleweka, kwa kuwa mpango alioandika unapatikana katika miongozo mingi kama mbadala kwa mwenye mzio. Nionavyo mimi, kosa lake halikuwa kutojua dawa. Aliipokea taarifa iliyo juu ya faili kama ukweli uliokwisha kuthibitishwa, kisha akajenga kila kitu juu yake.

Vijidudu vinavyozuiwa

Kabla ya kuchagua dawa ni lazima ijulikane inamlenga nani. Ngozi ya tumbo ina bakteria wake, na Staphylococcus aureus ndiye anayeogopwa zaidi miongoni mwao. Utumbo mpana unapofunguliwa, hesabu hubadilika kabisa, kwa sababu gramu moja ya kinyesi hubeba bakteria wapatao bilioni 100, na wale wanaoishi bila oksijeni huwazidi wenzao kama Escherichia coli kwa mara 100 hadi 1,000. Kati ya hao wasiotaka oksijeni, Bacteroides fragilis ndiye anayesumbua zaidi akishatoka nje ya utumbo. Makundi haya mawili husaidiana ndani ya kidonda: E. coli humaliza oksijeni iliyobaki kwenye tishu zilizoumia, na Bacteroides hustawi pale oksijeni inapokwisha. Dawa inayogusa kundi moja tu, hata ikiwa kali namna gani, huacha nusu ya kazi bila kufanywa.

Faida ya kinga katika upasuaji huu haina ubishi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliyotolewa mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 260 yenye washiriki zaidi ya 43,000, yalionyesha kwamba kuwapa wagonjwa wa upasuaji wa utumbo mpana antibiotiki za kinga hupunguza maambukizi ya kidonda kutoka takribani asilimia 39 hadi 13. Si kila upasuaji wa tumbo una faida ya kiasi hicho. Kwa mtu asiye na hatari za ziada anayeondolewa kibofu cha nyongo kwa kutumia kamera na matundu madogo, maambukizi ni machache kiasi kwamba miongozo hairuhusu kinga iwe desturi. Mgonjwa wetu hakuwa karibu hata kidogo na kundi hilo: unene, kisukari, upasuaji mrefu na utumbo mpana vilikutana ndani ya mtu mmoja.

Maneno matatu ya wino mwekundu

Mahojiano ya mfamasia na mgonjwa yalichukua dakika zisizozidi kumi. Maswali yalikuwa ya kawaida: dawa ilikuwa ipi, ni lini, kilitokea nini hasa, baada ya muda gani, alitibiwaje, na je, tangu hapo amewahi kutumia dawa yoyote ya jamii hiyo. Mgonjwa alijibu kwamba hakumbuki mwenyewe, bali aliambiwa na mama yake. Akiwa na umri wa miaka 8 hivi alipewa dawa ya maji kwa ajili ya homa na koo, na siku ya tatu akatokwa na vipele vidogo mwilini ambavyo viliondoka bila tiba. Midomo haikuvimba, pumzi haikubana, ngozi haikubabuka, hakuanguka wala hakulazwa. Lilipofika swali la mwisho alicheka kidogo, akasema miaka michache nyuma alipong'olewa jino alipewa vidonge vya amoksisilini akavimaliza vyote, na hakuna aliyemuuliza kuhusu mzio, wala yeye hakujua kwamba amoksisilini ni ndugu wa penisilini.

Jibu hilo la mwisho lingetosha peke yake, kwa kuwa mtu aliyemaliza dozi nzima ya amoksisilini bila tatizo hana mzio wa haraka wa penisilini, hata faili liseme nini. Lakini hata bila jibu hilo hatari ingekuwa ndogo. Kipimo cha maswali kiitwacho PEN-FAST, kilichochapishwa mwaka 2020, humpa mtu alama 2 ikiwa tukio lilitokea ndani ya miaka 5 iliyopita, alama 2 ikiwa lilikuwa mshtuko wa mzio, uvimbe wa uso na koo au ugonjwa mkali wa ngozi, na alama 1 ikiwa alihitaji tiba. Mgonjwa wetu alipata 0, na kwa mwenye 0 uwezekano wa kuwa na mzio wa kweli uko chini ya asilimia 1. Vipele vya mtoto mwenye homa vina sababu nyingi, virusi vikiwa mbele, na dawa iliyokuwepo siku hiyo hubeba lawama kwa kuwa tu ilikuwa karibu.

Katika nchi ambako jambo hili limechunguzwa sana, mtu mmoja kati ya kumi husema ana mzio wa penisilini, na zaidi ya tisa kati ya kumi wa hao hupimwa wakakutwa hawana. Hata wale waliokuwa nao kweli, takribani asilimia 80 huupoteza baada ya miaka 10. Lebo hiyo, hata hivyo, haizeeki: hunakiliwa kutoka faili moja hadi jingine, na kila anayeinakili huiona kama imethibitishwa na aliyetangulia.

Madhara yake kwa mgonjwa wa upasuaji yanapimika. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba wenye lebo ya mzio wa penisilini walikuwa na uwezekano wa maambukizi ya kidonda ulio mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wasio nayo, na tofauti hiyo yote ilitokana na dawa mbadala walizopewa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo linahusu sefazolini hasa, antibiotiki ya jamii ya sefalosporini. Wasiwasi kwamba dawa za jamii ya sefalosporini humdhuru mwenye mzio wa penisilini ulitokana na dhana kwamba mwili hukasirishwa na pete ya kikemikali ambayo jamii zote mbili zinayo. Sasa inafahamika kwamba mara nyingi mwili huutambua mnyororo wa pembeni uliounganishwa na pete hiyo. Sefaleksini ina mnyororo unaofanana na wa ampisilini, hivyo tahadhari yake ina mantiki, ilhali mnyororo wa sefazolini haufanani na wa penisilini yoyote. Kwa hiyo, hata kama mgonjwa wetu angekuwa na mzio wa kweli wa haraka, sefazolini isingekuwa mwiko. Kingekuwa kizuizi halisi kama angewahi kupata ugonjwa mkali wa ngozi wa kubabuka, au kama mzio wake ungekuwa wa sefazolini yenyewe.

Kuipima klindamisini, na nyinginezo

Mpango wa kwanza ulikuwa na udhaifu mara mbili. Klindamisini ilikuwa ndani yake kwa ajili ya bakteria wa ngozi na wale wasiotaka oksijeni, lakini usugu wa Bacteroides fragilis dhidi yake umepanda kiasi kwamba haiwezi tena kuaminiwa kwa kazi hiyo, tena ni miongoni mwa dawa zinazojulikana zaidi kwa kuleta kuhara kunakosababishwa na Clostridioides difficile. Jentamisini nayo huingia ndani ya bakteria kwa njia inayohitaji oksijeni, na hivyo Bacteroides haiguswi nayo hata kidogo. Kundi kubwa zaidi katika utumbo mpana lingebaki mikononi mwa dawa moja isiyotegemeka. Zaidi ya hayo, miligramu 5 kwa kila kilo zikikokotolewa kwa kilo 124 zote hufikia miligramu 620, wakati dawa hii haisambai sana ndani ya mafuta na dozi yake kwa mtu mnene hukokotolewa kwa uzito uliorekebishwa. Kumpa kiasi hicho mtu ambaye figo zake zimeanza kuchoka, kisha kuirudia kwa siku 5, ni kuongeza hatari bila kuongeza kinga.

Seftriaksoni, sefalosporini nyingine, ndiyo iliyopendekezwa na daktari bingwa wa upasuaji lebo ya mzio ilipokwisha kuondolewa, na hoja yake ilikuwa ya busara. Dawa hiyo huchukua takribani saa 8 ili ipungue nusu katika damu, kwa hiyo haihitaji kurudiwa katikati ya upasuaji, na mahali ambapo E. coli wamekuwa sugu kwa sefalosporini za mwanzo, miongozo inaikubali ikiambatana na metronidazoli, dawa ya kuua bakteria wasiotaka oksijeni. Iliachwa kwa sababu mbili. Kwanza, dhidi ya Staphylococcus aureus wa kawaida ni dhaifu kuliko sefazolini. Pili, ni dawa ya tiba ambayo hospitali huitegemea kwa wagonjwa mahututi, na kila inapotumika kama desturi kabla ya upasuaji huchochea bakteria wa utumbo wenye uwezo wa kuivunja jamii nzima ya sefalosporini. Taarifa za maabara za wodi hiyo hazikuonyesha kiwango cha usugu ambacho kingehalalisha gharama hiyo.

Amoksisilini yenye asidi ya klavulani ingefaa pia, kwa kuwa hugusa makundi yote ikiwa peke yake. Kasoro yake ni kwamba hupungua nusu ndani ya takribani saa moja, na upasuaji wa saa tano ungehitaji irudiwe kila saa 2. Timu ambayo, kama tutakavyoona, ilichelewa dozi moja tu ya kurudia haikuwa timu ya kukabidhiwa mbili.

Ertapenemu ilitajwa na daktari mwanafunzi aliyekuwa amesoma jaribio la mwaka 2006 lililoilinganisha na sefotetani katika upasuaji wa utumbo mpana. Maambukizi ya kidonda yalikuwa asilimia 17.1 kwa ertapenemu na 26.2 kwa sefotetani, na mwanafunzi aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini isitumike kwa kila mtu. Jaribio hilohilo lilionyesha maambukizi ya Clostridioides difficile kwa asilimia 1.7 dhidi ya 0.6. Pamoja na hayo, karbapenemu, jamii ambayo ertapenemu ni mojawapo, ni ngao ya mwisho, na kuifanya dawa ya kila asubuhi ni kuitumia kabla ya vita. Iko nafasi yake: mgonjwa ambaye kipimo cha kinyesi kimeonyesha kwamba amebeba bakteria wanaovunja sefalosporini ana hatari kubwa zaidi akipewa kinga ya kawaida, na kwake inaweza kufikiriwa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumdhania hivyo mgonjwa wetu, ambaye hakuwa amelazwa wala kutumia antibiotiki kwa muda mrefu.

Uamuzi ulikuwa sefazolini na metronidazoli kwa njia ya mshipa. Mchana wa kuamkia upasuaji, mgonjwa alikuwa amekwisha kuanza dawa ya kusafisha utumbo pamoja na vidonge vya neomisini na metronidazoli, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2016. Mwongozo huo unakataza kusafisha utumbo bila vidonge hivyo, na wengi husahau nusu hiyo: utumbo uliosafishwa bila antibiotiki hubaki na majimaji yenye bakteria wale wale, sasa yakiwa mepesi ya kumwagika.

Dozi na saa

Kwa uzito wa kilo 120 au zaidi, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unataka gramu 3 za sefazolini badala ya 2. Ushahidi wa faida ya gramu hiyo ya ziada si mwingi, na sitamlaumu anayebaki kwenye 2, lakini kwa dozi moja au mbili madhara yake ni madogo mno kuzuia kuitoa. Metronidazoli ilikuwa miligramu 500.

Suala la saa lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1961 daktari wa upasuaji John Burke alionyesha kwa panya wa Guinea kwamba antibiotiki huzuia jeraha lisiambukizwe endapo iko kwenye tishu bakteria wanapoingia au muda mfupi baadaye, na kwamba baada ya saa 3 hivi haisaidii tena. Mwaka 1992 David Classen na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 2,847. Waliopewa dawa ndani ya saa 2 kabla ya mkato walipata maambukizi kwa asilimia 0.6, waliopewa mapema zaidi ya hapo asilimia 3.8, na waliopewa zaidi ya saa 3 baada ya mkato asilimia 3.3. Kutoa mapema mno ni karibu sawa na kuchelewa. Shirika la Afya Duniani linaruhusu dakika 120 kabla ya mkato, kwa sharti la kuzingatia kasi ya dawa kupungua mwilini, ilhali orodha yake ya uhakiki wa usalama wa upasuaji huuliza kama dawa imetolewa ndani ya dakika 60. Kwa sefazolini, ambayo hupungua nusu kwa muda usiofika saa 2, dakika 60 ndizo za kushika.

Hapa ndipo desturi ya kutoa dawa wodini inapoanguka. Mgonjwa wetu alipangiwa saa 2:00 asubuhi. Usiku ikaingia dharura, ratiba ikasogea, na yeye akaingia chumba cha upasuaji saa 3:40. Kama mpango wa kwanza ungefuatwa, muuguzi wa wodi angetoa dawa saa 1:30, na mkato wa kwanza ungefanyika zaidi ya saa 3 baadaye. Badala yake, kazi hiyo alikabidhiwa daktari wa usingizi. Metronidazoli ilianza kuingia saa 3:50, kwa kuwa hutolewa polepole kwa dripu, sefazolini gramu 3 ikatolewa saa 4:10, na ngozi ikapasuliwa saa 4:35, wakati dawa zote mbili zilikuwa zimekwisha kufika kwenye tishu.

Matumbo yalikuwa yameshikamana kuliko ilivyotarajiwa. Sefazolini hurudiwa kila baada ya saa 4 zinazohesabiwa tangu dozi ya kwanza, wala si tangu mkato, kwa hiyo dozi ya pili ilipaswa kutolewa saa 8:10 mchana. Saa hiyo ndipo timu ilipokuwa ikiunganisha ncha mbili za utumbo huku mshipa mmoja ukivuja damu, na hakuna aliyetazama ukutani. Dozi ilitolewa saa 8:55. Damu iliyopotea ilikuwa kama mililita 900, chini ya zile 1,500 ambazo zenyewe ni sababu ya kurudia dozi. Metronidazoli haikuhitaji kurudiwa. Figo za mgonjwa, ingawa zimechoka kidogo, hazikuwa zimeshindwa kiasi cha kuifanya sefazolini idumu vya kutosha bila dozi ya pili. Ngozi ilifungwa saa 9:40 alasiri.

Siku tano

Kidonda kilipofungwa, mpango wa awali wa siku 5 ulirudi mezani kwa nguvu mpya. Daktari bingwa alitaja kisukari, upasuaji uliorefuka, na mpira wa kutolea majimaji uliokuwa umebaki tumboni. Hofu hiyo ni ya kibinadamu, na sina dharau nayo: yeye ndiye atakayekesha na mgonjwa kiunganisho cha utumbo kikivuja. Lakini maambukizi ya kidonda hupandwa wakati kidonda kiko wazi, na baada ya ngozi kufungwa dawa iliyo ndani ya damu haifiki tena kwa urahisi kwenye donge la damu lililoganda chini yake. Kiunganisho kinachovuja hakizuiwi na antibiotiki, na kikivuja kinahitaji tiba kamili wala si mabaki ya kinga. Mpira wa majimaji nao si sababu, kwani Shirika la Afya Duniani limeukataa waziwazi kama kigezo cha kuendeleza dawa.

Mfamasia alileta takwimu za hospitali za maveterani wa Marekani zilizochapishwa mwaka 2019, zilizohusu upasuaji zaidi ya 79,000 wa aina mbalimbali. Kadiri kinga ilivyoendelea kupita saa 24, ndivyo madhara ya ghafla kwa figo na maambukizi ya Clostridioides difficile yalivyoongezeka, huku maambukizi ya kidonda yasipungue. Kwa mtu mwenye kreatinini ya 128, hoja ya figo ilimaliza mjadala. Dozi ya saa 8:55 ikawa ya mwisho.

Siku ya saba

Ingependeza kama kisa kingeishia hapo, kidonda kikiwa kimekauka. Siku ya saba sehemu ya chini ya kidonda ilikuwa nyekundu, na ilipobonywa ikatoa usaha. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 37.6, mapigo 88, tumbo laini, choo kimeanza kupita, na wekundu haukufika sentimita 3 kutoka ukingoni. Uzi ulitolewa kwa urefu wa sentimita 4, usaha ukakusanywa na kupelekwa maabara kuoteshwa, kidonda kikasafishwa na kuachwa wazi kwa ajili ya kufungwa bandeji kila siku. Antibiotiki hazikuanzishwa. Wekundu usiozidi sentimita 5 kwa mtu asiye na homa ya nyuzi 38.5, wala mapigo ya juu, wala chembe nyeupe nyingi katika damu, hutibiwa kwa kufungua kidonda, na hiyo ndiyo tiba kamili.

Kwenye kikao cha wodi ilisemwa, kama ilivyotarajiwa, kwamba sefazolini imeshindwa na kwamba safari ijayo itumike dawa yenye nguvu. Jibu la maabara lilifika siku mbili baadaye: E. coli, anayeuawa na sefazolini.

Matokeo hayo yanabadilisha swali zima. Bakteria aliyesababisha maambukizi alikuwa ndani ya uwezo wa dawa iliyochaguliwa, hivyo dawa pana zaidi isingekuwa na kitu cha kuongeza. La kuuliza ni kama dawa ilikuwepo kwa kiasi cha kutosha pale bakteria huyo alipoangukia, na kama mwili ulikuwa katika hali ya kummalizia. Rekodi ya daktari wa usingizi ilipofunguliwa, majibu yalikuwa yamekaa humo tangu siku ya kwanza. Dozi ya pili ilichelewa dakika 45, na dakika hizo ziliangukia saa ile utumbo ulipokuwa wazi. Joto la mgonjwa lilishuka hadi nyuzi 35.3 kwa kuwa blanketi la kupasha joto halikuwashwa mpaka saa ya tatu ya upasuaji. Jaribio la mwaka 1996 kwa wagonjwa 200 wa utumbo mpana lilionyesha maambukizi ya asilimia 19 kwa walioachwa wapoe na asilimia 6 kwa waliotunziwa joto, kwa sababu mishipa ya ngozi iliyojikunja kwa baridi hupeleka oksijeni kidogo, na chembe nyeupe huhitaji oksijeni ili kuua bakteria. Sukari ilipanda hadi milimoli 13.6 kwa lita na kupimwa mara mbili tu. Na timu ilifunga ngozi kwa glavu na vifaa vilevile vilivyoshika utumbo, ingawa jaribio kubwa la nchi saba lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba kubadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga hupunguza maambukizi kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0.

Haiwezekani kusema ni kipi kati ya hivyo kilichomletea mgonjwa wetu usaha, na inawezekana usingekwepeka hata kama vyote vingefanywa sawasawa, maana 13 katika 100 wa yale mapitio ya Cochrane nao walikuwa wamepewa kinga. Ninachokipinga ni ile haraka ya kupanda ngazi ya dawa kabla ya kuangalia saa na kipimajoto. Wodi inayoitikia kila kidonda chenye usaha kwa dawa kali zaidi hufika kwenye karbapenemu ndani ya miaka michache, ikiwa bado inachelewa dakika 45.

Timu ilikubaliana kuhusu mambo machache yanayoweza kufanyika bila kusubiri bajeti. Daktari wa usingizi anapotoa sefazolini hutega kengele ya saa 3 na dakika 45, na kengele hiyo inapolia husema kwa sauti, hata kama daktari wa upasuaji anapambana na mshipa unaovuja. Blanketi huwashwa mgonjwa anapolala mezani. Seti ndogo ya vifaa vya kufungia, pamoja na glavu mpya, hutayarishwa mapema na kuwekwa kando. Kuhusu sukari walishindwa kukubaliana nani aipime kila saa, na jambo hilo liliahirishwa hadi kikao kingine.

Kidonda kilijifunga baada ya wiki tatu na nusu. Siku ya kutoka hospitali, mfamasia alilichukua faili, akaupiga mstari ule wino mwekundu, na chini yake akaandika tarehe, historia ya vile vipele, vidonge vya amoksisilini vilivyomalizwa salama, na dozi mbili za sefazolini zilizopita bila tatizo. Nakala ya maelezo hayo alimpa mgonjwa mkononi, kwa kuwa saratani yake ilihitaji tiba zaidi katika hospitali nyingine, na huko angefunguliwa faili jipya na kuulizwa tena kama ana mzio wa dawa yoyote.